Nyumba ya Mzee na Kodi ya Majengo

Mimi ni bwana shamba. Nilisomea kilimo Ukiriguru nikapata cheti. Kazi yangu ni kuwatembelea wakulima wa upande huu wa ziwa. Nafundisha nafasi za kupanda mahindi, kupulizia pamba dawa, na kuhifadhi mpunga usioze. Kodi sikuisomea.

Lakini mtu anayetembea vijijini huulizwa kila jambo. Ukifika kwa mzee kumwonyesha mbegu mpya, yeye anakuletea barua aliyotumiwa, au simu yenye ujumbe asioweza kuusoma. Anasema, "Mwanangu, wewe umesoma, niambie hii inasema nini." Huwezi kumjibu kwamba wewe ni wa pamba tu.

Kwa miaka hii michache, swali moja limenijia mara nyingi kuliko mengine. Wazee wanauliza kwa nini fedha yao ya umeme inakatwa. Nimeuliza, nimesoma, nikaelewa. Leo nataka tulizungumze jambo hili pamoja, kwa sababu wako wazee wengi wanaolipa kodi ambayo sheria haikutaka wailipe.

KODI HII NI IPI?

Kodi hii inaitwa kodi ya majengo. Mwenye nyumba hulipa kila mwaka. Si kodi mpya. Sheria yake ilitungwa mwaka 1983, na kwa miaka mingi halmashauri za miji ndizo zilizoikusanya. Mwaka 2016 kazi hiyo ilianza kupelekwa kwa Mamlaka ya Mapato, yaani TRA.

Mwaka 2021 yalikuja mabadiliko makubwa. Tangu Agosti mwaka huo, kodi inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Ukinunua umeme, kodi inakatwa hapo hapo, na fedha inayobaki ndiyo inayonunua umeme. Mwanzoni nyumba ya kawaida, isiyo ya ghorofa, ilikatwa shilingi 1,000 kila mwezi. Tangu Julai 2023 inakatwa shilingi 1,500 kila mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 18,000. Nyumba ya ghorofa hutozwa zaidi.

Njia hii ina faida yake. Mtu hapangi foleni, wala mtoza kodi haji kugonga mlango. Wazee wetu wanakumbuka jinsi kodi ya maendeleo ilivyokusanywa kabla ya kufutwa mwaka 2003. Mgambo walipotokea, wanaume walikimbilia porini, na wengine walishinda ziwani mpaka jua likazama. Wazee wa wazee hao walisimulia kodi ya nyumba ya Wajerumani iliyoanza mwaka 1898. Kijijini ilikuwa rupia 3 kwa nyumba. Asiyekuwa na rupia alikwenda kuitafuta kwa kibarua. Kwa hiyo mzee wa hapa akisikia neno kodi ya nyumba, moyo wake hushtuka. Tusimcheke.

Lakini njia hii ina kasoro moja. Mashine haimjui mzee. Inaijua mita tu. Mita ya tajiri na mita ya mjane zinakatwa sawasawa, mpaka mtu aende kusema.

FEDHA ZILIKWENDA WAPI?

Nitakupa mfano. Bibi mmoja ninayemtembelea, ng'ambo kidogo ya Kisesa, anaishi peke yake. Umri wake umepita miaka sabini. Nyumba yake ni ya matofali na bati. Marehemu mume wake aliijenga kwa fedha ya pamba, bati moja moja, msimu baada ya msimu. Bibi ana taa mbili, redio ndogo na simu. Hana friji wala pasi.

Kwa kuwa anatumia umeme kidogo, hununua mara chache. Anaweza kukaa miezi mitatu bila kununua. Siku moja umeme ulikwisha. Alimpa mjukuu wake shilingi 5,000 akamnunulie. Mjukuu akarudi na namba, akaziingiza kwenye mita. Umeme uliopatikana ulikuwa uniti chache tu, hata hazikufika tano.

Bibi akamtazama mjukuu. "Fedha nyingine iko wapi?" Mjukuu akaapa kwamba amelipa yote. Bibi hakuamini. Kwa wiki mbili hawakusemezana, na kijana akaacha kumtekea maji. Bibi wa miaka sabini akawa anabeba ndoo mwenyewe kutoka bombani.

Nilipofika nikaomba kuuona ule ujumbe wa simu. Ulikuwa na tarakimu nyingi na maneno ya mkato, mengine ya Kiingereza. Nikausoma mstari kwa mstari. Shilingi 4,500 zilikuwa zimekatwa kama deni. Lilikuwa deni la kodi ya miezi mitatu, kwa sababu mwezi usionunua umeme haufutwi. Unangoja. Ukinunua, yote inakatwa kwa pamoja. Zilibaki shilingi 500 za umeme.

Kijana hakuiba kitu. Bibi hakukosea kuhesabu. Aliyekosekana ni mtu wa kuwasomea ujumbe. Nilimweleza bibi, naye akamwita mjukuu wake.

Tufanye hesabu kidogo, ndugu msomaji. Shilingi 1,500 kwa mtumiaji mdogo ni uniti kama 12. Taa mbili ndogo za kisasa, zikiwashwa saa tano kila usiku, hutumia karibu uniti tatu tu kwa mwezi. Maana yake, kodi ya mwezi mmoja ingewasha taa za bibi yule kwa miezi mitatu na zaidi. Na kodi ya mwaka, shilingi 18,000, mara nyingi wakati wa mavuno hununua debe zima la mahindi. Mtu mmoja anayekula nusu kilo kwa siku, debe humtosha zaidi ya mwezi. Kwa mwenye mshahara, 18,000 ni kidogo. Kwa anayeishi kwa kuku wanne na robo eka ya viazi, ni chakula cha mwezi.

NANI HATOZWI?

Sasa sikiliza vizuri. Sheria ya kodi ya majengo inawatambua wafuatao:

Kwanza, mzee mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Hatozwi kwa nyumba moja, ile iliyo yake na anayoishi mwenyewe.

Pili, mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, naye kwa nyumba moja anayoishi.

Tatu, nyumba zenyewe za tope, za nyasi na tembe, ambazo watu huzitumia kwa makazi. Hizo hazitozwi, awe mwenyewe kijana au mzee.

Angalia maneno "nyumba moja" na "anayoishi". Mzee akiwa na nyumba mbili, anaishi katika moja na nyingine amepangisha, ile ya kupangisha ina kodi yake. Hiyo ni haki. Nyumba inayoleta kodi ya pango kila mwezi ni kama ng'ombe anayekamuliwa. Lakini nyumba anayolala mzee haitoi maziwa. Inakula tu: bati lililotoboka, mlango ulioliwa na mchwa, ukuta uliopasuka wakati wa masika. Ng'ombe wa namna hiyo hupewa majani tu, hapelekewi ndoo ya kukamulia.

Angalia pia neno "yake". Kijana akijenga nyumba mjini na kumweka mama yake humo, mwenye nyumba ni kijana. Yeye ndiye mlipaji. Asijifiche nyuma ya mvi za mama yake.

Na miaka 60 inahesabiwaje? Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Wengi wetu hatukuandikwa tulipozaliwa, lakini tunakumbuka matukio. Aliyezaliwa mwaka wa Uhuru, 1961, alitimiza miaka 60 mwaka 2021. Aliyezaliwa mwaka wa Azimio la Arusha, 1967, anatimiza mwaka 2027. Ofisini, hata hivyo, watatazama tarehe iliyoandikwa kwenye kitambulisho chako cha Taifa. Kama tarehe hiyo imekosewa, anza kwa kuirekebisha.

NENO "MSAMAHA"

Ofisini jambo hili huitwa msamaha wa kodi. Neno hilo huwachanganya wazee. Mzee mmoja wa Igogo aliniuliza, "Nimekosa nini hata nikaombe kusamehewa?" Alikataa kwenda kwa sababu hiyo tu. Alifanya kazi bandarini ujana wake wote, hakuwahi kudaiwa na mtu, na sasa aliona anaitwa mkosaji.

Ndugu msomaji, mweleze mzee wako hivi. Msamaha wa kodi si wa mkosaji. Maana yake ni kwamba sheria imesema, wewe usitozwe. Si sadaka ya ofisa, wala si huruma ya mwenyekiti. Mzee akienda kuuomba, anakwenda kuchukua kilicho chake. Asipige magoti. Na asitoe chochote kwa mtu yeyote ili aupate.

Wenzetu pia wanafanya hivyo. Nchini Uganda, tangu sheria yao iliporekebishwa mwaka 2006, nyumba anayoishi mwenyewe haitozwi kabisa kodi ya majengo, awe mzee au kijana. Huko Marekani majimbo mengi huwapunguzia kodi ya nyumba watu waliofika miaka 65. Wote wameona jambo moja: uzee hupunguza kipato, lakini haupunguzi ukubwa wa nyumba.

JINA LA NANI?

Sasa nafika penye ugumu wenyewe. Wazee wengi ninaowatembelea wana umri unaotakiwa. Wanaishi katika nyumba hiyo moja tu. Lakini wakitakiwa kuonyesha kwamba nyumba ni yao, wanakwama. Hasa wanawake.

Nyumba ina jina la marehemu mume. Mita ya umeme ina jina la marehemu mume. Pengine karatasi ya kununulia kiwanja ina jina la baba mkwe. Mjane ameishi humo miaka arobaini, amezaa humo, amezika kutoka humo. Kila jirani anajua kwamba nyumba ni yake. Lakini karatasi haijui.

Mjane mmoja aliyekwenda katika ofisi fulani aliambiwa, "Mlete mwenye nyumba." Akajibu, "Mwenye nyumba yuko kaburini." Akaambiwa arudi akiwa na karatasi, bila kuelezwa ni karatasi zipi wala zinapatikana wapi. Hakurudi tena. Anaendelea kukatwa.

Jambo hili ni kubwa kuliko shilingi 1,500. Mjane ambaye jina lake haliko popote hawezi kupata msamaha wa kodi. Lakini pia siku shemeji akija kusema nyumba ni ya ukoo, hana cha kumwonyesha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nyumba nayo ni mali.

Dawa yake ni mirathi. Ukoo ukae kikao, uandike muhtasari, umchague msimamizi wa mirathi. Msimamizi huyo anaweza kuwa mjane mwenyewe. Wachukue muhtasari huo pamoja na cheti cha kifo, waende Mahakama ya Mwanzo. Mahakama ikimthibitisha msimamizi, inampa barua. Kwa barua hiyo mgao hufanyika, na jina la mjane linaweza kuingizwa kwenye nyumba yake. Kazi hii huchukua muda. Usiingoje mpaka ugomvi uanze.

Wanaume, nanyi nawaambia. Usiseme, "Mke wangu anajua kila kitu." Kujua hakutoshi ofisini. Andika jina lake ukiwa hai.

LA KUFANYA

Mzee anayestahili, au mtu wa kumsaidia, afanye hivi:

1. Atafute kitambulisho cha Taifa. Kama hana, aulize kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa utaratibu wa kukipata.

2. Aandike namba ya mita yake ya LUKU kwenye karatasi. Atunze pia ujumbe mmoja wa simu unaoonyesha makato.

3. Apate barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji inayosema kwamba anaishi katika nyumba hiyo na kwamba ni yake.

4. Achukue karatasi za nyumba: hati, leseni ya makazi, au mkataba wa kununua. Mjane achukue na barua ya mirathi.

5. Aende ofisi inayohusika na kodi ya majengo, aombe fomu ya msamaha. Akiulizwa habari ya kipato chake, aseme kweli. Ajaze fomu, abaki na nakala.

6. Baada ya hapo, kila anaponunua umeme asome ujumbe. Kama makato yanaendelea, arudi na ile nakala.

Jambo jingine. Nyumba moja yenye mita mbili au tatu haipaswi kukatwa kodi mara mbili au tatu. Ukiona hivyo, peleka taarifa katika ofisi hiyo hiyo. Na usichanganye kodi ya majengo na kodi ya pango la ardhi. Hiyo ya ardhi ni nyingine, ina ofisi yake na utaratibu wake. Kusamehewa moja si kusamehewa zote mbili.

MIGUU YA NANI?

Hapa nataka kusema la moyoni. Sheria imemhurumia mzee, lakini utaratibu unataka aje mwenyewe. Ofisi iko mjini. Mzee anakaa juu ya mawe ya Mabatini au Igogo, ambako hata kijana hushuka kwa kushika ukuta. Mwingine yuko kisiwani, lazima avuke maji. Mwingine yuko Kwimba ndani, na nauli ya kwenda na kurudi inaweza kupita kodi ya miezi kadhaa. Akienda mara ya kwanza akaambiwa karatasi moja imepungua, mara ya pili haendi. Basi msamaha unabaki kwenye kitabu.

Mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji anawajua wazee wake wote. Mtendaji anajua nyumba ipi ni ya nani. Wazee hawa wameshaandikishwa mara nyingi kwa mambo mengine: kwa matibabu ya wazee, kwa mbolea ya ruzuku, kwa kupiga kura. Mimi mwenyewe nimewaandikisha wakulima mamia, nikiwafuata mashambani. Kwa nini orodha ya wazee wenye nyumba isitoke kijijini ikapelekwa ofisini na mtu mmoja, badala ya wazee mia kusafiri mmoja mmoja? Mbegu tunampelekea mkulima alipo. Na haki tumpelekee mzee alipo. Hili naliweka mbele ya viongozi wa vijiji na mitaa wanaosoma ukurasa huu. Haligharimu fedha nyingi. Linataka daftari, kalamu, na siku moja ya mkutano.

Wala sisemi watu wasilipe kodi. Mwenye nguvu alipe. Barabara ninayopita na pikipiki yangu, zahanati, walimu wa watoto wetu, hata mshahara wangu, vyote vinatokana na kodi. Kijana anayekwepa kodi humwachia mzee mzigo. Lakini kodi ikimkata asiyepaswa kukatwa, watu huanza kuichukia kodi yote, hata ile iliyo halali. Kila mmoja akilipa kinachompasa, na asiyepaswa akaachwa, hakuna atakayekimbilia porini.

WEWE UNAYESOMA

Ndugu msomaji, pengine ulijifunza kusoma ukubwani. Pengine bado unafuata mstari kwa kidole. Hilo si neno. Umeweza kufika mpaka hapa, basi unaweza kuusoma ujumbe wa LUKU.

Wiki hii mtafute mzee mmoja aliye jirani yako. Msalimie kwanza, kaa, mjulie hali. Kisha mwombe simu yake, msomee ujumbe wa mwisho wa umeme. Mwonyeshe ni kiasi gani cha umeme na ni kiasi gani cha kodi. Muulize umri wake. Muulize nyumba ina jina la nani. Kama anastahili, mwandikie namba ya mita yake kwenye karatasi, na umsindikize kwa mtendaji kuchukua barua. Kama ni mjane na nyumba ina jina la marehemu, waambie watoto wake waitishe kikao cha ukoo mapema, wakati bado wanapatana.

Kazi yote hiyo haizidi asubuhi moja. Palizi la shamba dogo huchukua muda mrefu zaidi.